Pompa mbili ndani ya mwezi mmoja: kisa cha BMW 528i hapa Lubumbashi

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu, kwenye garaji ninakofanya kazi hapa Lubumbashi. Nimeondoa jina la mwenye gari, namba ya gari, mtaa anaokaa na duka tulikonunua piesi. Mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yangu. Kwa msomaji wa mbali: huku kwetu tunasema pompa, wewe huenda unasema pampu, piesi ni vipuri, radiatere ni rejeta, na bidoni ni dumu.

Gari na mwenyewe

Gari ni BMW 528i ya mwaka 1999, umbo ambalo mafundi huliita E39. Injini ni ya petroli, lita 2.8, silinda sita kwenye mstari mmoja. Bloku, yaani mwili wa injini, ni alumini, na kichwa kinachoifunika juu ni alumini. Mita inasoma kilomita 214,000. Mita ya gari lililopita mikono minne mimi siiapii, lakini tuiandike.

Mwenyewe ni mfanyabiashara aliyevuka miaka hamsini. Kila wiki huenda Kasumbalesa mara moja au mbili kufuata mizigo yake kwenye mpaka wa Zambia, kama kilomita 90 kwenda. Mimi namwita Papa, yeye huniita mwanangu. Siku akiniita "fundi" najua kuna jambo. Gari hili alilitamani tangu ujana wake na alilipata likiwa zee. Jumapili baada ya misa huliosha mwenyewe, hampi mtu kitambaa.

Ndani ya radiatere alikuwa akitia maji ya bomba. Hakuna aliyewahi kumkataza, na bei ya kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya kupozea injini, inajulikana. Kwenye buti alibeba bidoni la njano la lita tano, lililokuwa la mafuta ya kupikia, limejaa maji muda wote. Nimeona magari mengi mjini hapa yenye bidoni kama hilo. Watu hulizoea kama walivyozoea tairi la akiba.

Dalili zilizokuja polepole

Mwezi wa saba asubuhi Lubumbashi kuna baridi ya kweli, watu huvaa makoti. Papa alianza kuona kwamba hita inapuliza hewa baridi gari likisimama kwenye foleni, na akikanyaga mafuta kidogo hewa inarudi kuwa ya moto. Alidhani ni uzee wa gari. Hii ilikuwa dalili nzuri kuliko zote zilizofuata. Hita hupata joto lake kutoka maji yanayozungushwa na pompa. Ikiwa injini inanguruma taratibu na hita inapoa, basi maji hayafiki, ama kwa sababu yamepungua na hewa imeingia, ama kwa sababu pompa inazunguka bila kusukuma.

Mwezi wa nane alikuwa anaongeza nusu lita kwa wiki. Mwezi wa tisa ikawa lita moja na nusu. Alipita garaji moja ya barabarani, kijana akainama chini ya gari, akainuka na kumwambia: "Papa, hii motokari iko nakunywa maji, lakini hatuone fasi inapitia." Kisha akamjazia maji, akapokea pesa yake. Hapaonekani mahali pa kuvuja kwa sababu injini ikiwa ya moto tone linakauka kabla halijafika chini. Linaacha alama tu, na alama hutafutwa injini ikiwa baridi, kwa tochi.

Muda wote huo sindano ya joto kwenye dashibodi ilikuwa katikati kabisa, haitikisiki. Kwenye gari hili sindano imefungwa kwa makusudi isimsumbue dereva: kuanzia kama nyuzi 75 hadi kupita 110 inabaki pale pale katikati. Ikianza kusogea, joto limekwisha kupita mahali ambapo ungetaka kuambiwa. Papa alinijibu kwa haki kabisa: "Mwanangu, mimi niliangalia sindano kila siku." Kweli, aliiangalia.

Siku ya Kasumbalesa

Mwisho wa mwezi wa tisa, joto limeanza, mvua bado. Gari lilikuwa kwenye msongamano wa malori kabla ya mpaka, linasogea hatua tatu na kusimama. Sindano ikatoka katikati ikapanda hadi nyekundu kwa muda wa kusema salamu. Papa akazima injini palepale. Wavulana wawili wakaja na kitambaa, wanataka kufungua kifuniko cha tangi la maji. Akawakatalia, na ninamshukuru kwa niaba ya nyuso zao. Kifuniko cha gari hili kimeandikwa 200, maana yake kinazuia shinikizo hadi bar 2. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, ambapo maji kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 96. Chini ya kifuniko kile yanaweza kupita 120 bila kuchemka, na siku ukikifungua yote yanachemka kwa mara moja.

Alisubiri saa nzima, akajaza bidoni lote, akawasha. Mpaka hapo sina la kumlaumu. Kosa lilikuja baadaye: alirudi mjini kwa vituo vinne, akisimama kila sindano ikipanda. Kwenye kipande cha mwisho sindano ilikaa katikati, akafurahi. Mimi niliposikia hivyo ndipo nilipoogopa. Kihisio cha joto kinapima maji; maji yakishuka chini yake, kinaning'inia kwenye hewa na mvuke na kinaweza kusoma joto la chini huku chuma kinaungua.

Uchunguzi wa siku ya kwanza

Gari lililala garajini usiku mzima. Sikukubali kugusa kitu likiwa la moto, na Papa hakupenda, maana Ijumaa alikuwa na safari.

Asubuhi tulianza na swali la pesa nyingi: je, kichwa kimepona? Bloku ya alumini ikipata joto kupita kiasi, nyuzi za boliti za kichwa zinaweza kung'oka ndani yake, na hapo hesabu ya pompa haina maana tena. Tulijaza maji, tukawasha, tukaweka juu ya mdomo wa tangi kile chombo chenye kimiminika cha bluu kinachogeuka manjano kikikutana na moshi wa silinda uliopenya kwenye maji. Dakika kumi, bado bluu. Mafuta ya injini yalikuwa meusi tu, hayana rangi ya maziwa inayoonyesha kwamba maji yameingia. Tukapumua.

Kisha injini ilipopoa tena tulifunga pompa ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko, tukasukuma hadi bar 1.5. Ndani ya dakika nne ilishuka hadi 1.1. Kwa tochi tuliona mahali pawili. Chini ya shingo ya pompa ya maji kuna kitundu kidogo, kimewekwa na watengenezaji kwa kusudi: sili inayozuia maji ikifa, yatokee pale yasifike kwenye beringi inayobeba shafti. Kutoka kitundu hicho kulikuwa na mstari mweupe wa chokaa hadi chini ya bloku, mgumu kama wa kwenye birika, na tone jipya linakua juu yake. Pa pili palikuwa kwenye tangi la plastiki: ufa mwembamba kwenye mshono, unatoka jasho.

Tuliondoa mkanda, nikashika puli ya pompa, gurudumu lake linalozungushwa na mkanda, nikaitikisa. Ilicheza. Haikuwa sana, ila ilitosha kusikika "tik" kwenye vidole.

Pompa ilipotoka niliishika shafti kwa mkono mmoja na mapezi ya ndani yanayosukuma maji kwa mkono wa pili. Shafti ilizunguka karibu robo duara kabla mapezi hayajaifuata. Mapezi yalikuwa ya plastiki, yenye ufa katikati pale yanaposhika shafti. Basi hita ya mwezi wa saba ikaelezeka: injini ikienda taratibu shafti inageuka, mapezi yanasitasita. Na maji yanayopungua yakaelezeka kwa sili. Kila dalili ikapata jibu lake ndani ya kipande kimoja cha chuma nilichoshika mkononi. Tulifurahi, na hapo tukaacha kuuliza.

Maamuzi, na kwa nini

Papa alikuwa na dola 200 za piesi, si zaidi. Ilibidi kuchagua.

La kwanza lilikuwa tangi. Nilisisitiza libadilishwe, ingawa lilikuwa linavuja kidogo kuliko pompa. Pompa hufa kwa kulia, inakupa wiki kadhaa. Tangi la plastiki la miaka zaidi ya ishirini hupasuka kwa mara moja, na lita zote zinamwagika barabarani. Tukanunua tangi jipya na kifuniko chake, dola 62, na hozi ya juu, bomba la mpira la maji, dola 18, kwa sababu shingo yake ya plastiki ilimeguka tulipoitoa. Mkanda tuliuacha, ulikuwa mzima.

La pili ni pompa yenyewe. Kulikuwa na ya dola 95 yenye boksi la jina kubwa, na ya dola 38 isiyo na jina, mapezi ya chuma. Baada ya tangi, hozi na kulanti, hesabu ilituachia ya dola 38. Nilimweleza Papa wazi. Mapezi ya chuma hayapasuki kama plastiki, lakini beringi ikichoka na shafti ikaanza kuyumba, chuma hukwangua nyumba yake ndani ya injini, jambo ambalo plastiki haifanyi. Akasema nichukue, Mungu atasaidia.

La tatu, themostati, ile vali inayofungulia maji njia yakipata joto. Papa aliomba tuitoe kabisa, "maji yapite bure". Hapa mjini ushauri huo unapatikana kila kona, na kwa gari la zamani sana huenda mtu akavumilia matokeo. Kwa injini hii nilikataa. Themostati yake imepangwa kufunguka kama nyuzi 97 na kompyuta ya injini ndiyo inayoiamuru mapema inapoona mzigo. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi daima na inamwaga petroli zaidi. Tuliichemsha kwenye sufuria ya maji kuona kama inasogea. Maji yetu yanachemka kwa 96, kwa hiyo sufuria haiwezi kukupa jibu kamili kwa themostati ya 97; nililigundua hilo nikiwa nimekaa naitazama kama mjinga. Tukaipima ikiwa kwenye gari, kwa kugusa hozi ya chini inapata joto lini. Ilikuwa nzima.

La nne, kusafisha. Tulisukuma maji safi tu mpaka yakatoka meupe. Sikutumia dawa kali ya kuyeyusha chokaa. Kwenye radiatere la miaka hiyo, chokaa wakati mwingine ndiyo inayoziba kitundu.

Kazi yenyewe

Kwa anayefanya kwa mara ya kwanza, mahali pa kupotezea siku ni nati ya feni. Ni ya 32 na nyuzi zake ni za kushoto: ukitazama kutoka mbele, unafungua kwa kuelekea mwendo wa saa. Nimeona radiatere lililotobolewa na mtu aliyekuwa anaikaza huku anaamini anaifungua. Legeza boliti za puli kabla hujatoa mkanda, maana bila mkanda puli inazunguka na huna cha kushikia.

Pompa imeshikwa na nati nne za namba 10. Ukizitoa haiji, imegandia kwenye tundu lake kwa pete ya mpira. Usiingize bisibisi pembeni. Kuna matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wa pompa. Ingiza boliti mbili za M6 (unene wa milimita 6), kaza nusu zamu huku, nusu zamu kule, nayo itajisukuma nje yenyewe, imenyooka. Tundu tulilisugua kwa kitambaa na msasa laini sana mpaka kidole hakikuhisi chokaa, kwa sababu pete mpya haizibi juu ya ukoko. Nati hizo hazitaki nguvu, zikazwe kwa 10 Nm (niutoni mita) tu. Nyuzi zinaingia kwenye alumini.

Mfumo unachukua kama lita kumi na nusu. Tulichanganya nusu kulanti ya bluu, nusu maji yaliyotoneshwa, yaani maji ya mvuke yasiyo na chokaa, yale ya kuongeza kwenye betri. Hapo angalizo la mji wetu: ukiomba "maji ya betri" sokoni unaweza kupewa asidi. Sema unataka maji ya kuongeza, na ukifika nyumbani dondosha tone kwenye simenti. Likitoa povu, si yenyewe.

Kutoa hewa tulifanya bila haraka. Mbele ya gari juu kidogo, ufunguo umewashwa bila injini, hita kwenye joto la mwisho ili vali zake zifunguke, feni ya ndani pole kabisa, skrubu ya hewa ya tangi imefunguliwa. Unamimina kama unayemlisha mtoto, mpaka mapovu yaishe. Skrubu ile ni plastiki, ifunge kwa huruma.

Dashibodi ya gari hili ina menyu iliyofichwa. Jaribio namba 7 linaonyesha joto la kweli la maji kwa tarakimu. Nilimfundisha Papa kuifungua. Tulizunguka mji, namba ikacheza kati ya 94 na 99. Kwenye mizunguko 2,500 hivi kwa dakika nilisikia mvumo mdogo, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Papa akasema, "Huo upo siku zote." Nikasema moyoni: egzosi, bomba la moshi. Ijumaa akaenda safari yake.

Siku ya kumi na tisa

Alirudi asubuhi na mapema, akanisalimu: "Fundi."

Boya la tangi, linaloonyesha kiasi cha maji, lilikuwa limeshuka. Chini ya shingo ya pompa mpya kulikuwa na mstari, safari hii wa bluu. Nikashika puli: inacheza.

Kila mtu garajini alijua jibu. Piesi ya bei rahisi, basi. Nilijua na mimi. Nikachukua pompa nikaenda dukani na sauti yangu ikiwa tayari. Muuzaji ni mzee aliyeuza piesi tangu sijazaliwa. Aliniacha nimalize. Akaigeuza pompa mkononi, akazungusha shafti karibu na sikio, akauliza jambo moja tu: "Feni uliiona?"

Nikasema feni ilikuwa inazunguka vizuri.

"Sikukuuliza kama inazunguka."

Nilirudi nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira ile ilikuwa kwamba sikuwa na jibu. Kwenye injini hii feni haikai kwenye radiatere. Imefungwa kwenye shafti ya pompa yenyewe, kupitia klachi yake. Uzito wote wa feni na kila mtikisiko wake unabebwa na beringi ya pompa. Siku ile ya kwanza niliitoa feni kwa mikono yangu, nikaiegemeza ukutani uso ukielekea ukuta, ikakaa pale saa mbili, nikairudisha.

Mdogo wetu anayejifunza kazi ndiye aliyeiona. Tuliitenganisha feni na klachi, tukapitisha tundu lake la katikati kwenye bomba laini tulilolilaza juu ya viti viwili. Akaizungusha taratibu, ikasimama. Akaizungusha tena, ikasimama. Mara ya tatu akasema, "Bwana, ni ileile iko chini." Akaweka alama ya chaki kwenye bapa la feni lililosimama chini. Mara sita tulizungusha, mara sita chaki ilirudi chini.

Tukalifuta bapa lile kwa petroli. Ncha yake ilikuwa imewahi kukatika, na mtu fulani, zamani, aliigandisha kipande cha plastiki nyingine kwa gundi ya epoksi, akakikata kufuata umbo, akakipaka rangi nyeusi. Mkono wake ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima. Ila kipande kilikuwa kinene mara mbili ya bapa, na gundi ina uzito wake. Kwa mizunguko elfu mbili na zaidi kila dakika, uzito ule mdogo ulikuwa unaivuta beringi upande huu na upande ule, safari nzima ya Kasumbalesa kwenda na kurudi. Mvumo niliouita egzosi ndio huo. Injini ikiwa baridi klachi inateleza na feni haikimbii sana, kwa hiyo hausikiki. Ikipata joto klachi inashika, nao unaanza.

Sasa nikaitazama upya pompa ya zamani, ambayo nilikuwa sijaitupa. Ufa wa mapezi niliuelewa kama uzee wa plastiki, na uzee ulikuwamo. Lakini beringi nayo ilikuwa imelegea, na kulegea kule sikukutafutia sababu.

Tulichofanya mara ya pili

Feni tulipata ya kutumika, kutoka gari lililobomolewa, dola 40. Kabla ya kulipa niliomba bomba na viti viwili palepale uwanjani. Walinicheka. Ya kwanza ilikuwa na tatizo lilelile la kurudi upande mmoja, ya pili ilisimama kila mara mahali tofauti, tukachukua hiyo. Klachi tuliikagua haina mafuta yaliyovuja wala haichezi, tukaibakiza.

Pompa tulinunua ileile, isiyo na jina, kwa mzee yuleyule. Aliitoa kwa nusu bei baada ya kuiona feni mbovu kwa macho yake. Papa hakuipenda hata kidogo, na kama angekuwa na dola 95 siku hiyo ningemshauri anunue nyingine. Hakuwa nazo, kwa sababu feni ilikula nafasi yake. Kulanti tuliikinga kwenye beseni safi, tukaichuja, tukairudisha. Ilikuwa ya wiki tatu tu.

Nyumba ya pompa ndani ya injini niliipima kwa kidole na tochi. Kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya mapezi ya chuma, ndiyo tu imeanza. Wiki moja zaidi na mazungumzo yangekuwa mengine.

Matokeo

Miezi mitano sasa, mvua zimekuja na zinaelekea kwisha. Namba ya joto inakaa kati ya 93 na 98, foleni au barabara wazi. Tulilipeleka mji wa Likasi na kurudi, kilomita 240 hivi, siku ya joto, na boya la tangi likarudi kwenye alama yake asubuhi yake. Puli haichezi. Mvumo umeondoka, na Papa anasema kwa mara ya kwanza anaisikia redio vizuri kwenye mwendo.

Uchambuzi

Kilichookoa injini hii ni mkono wa mwenyewe uliozima ufunguo, kabla mimi sijaingia kwenye kisa. Dakika tano zaidi kwenye foleni ile na tungekuwa tunazungumzia kichwa. Vituo vinne vya kurudi mjini vilikuwa bahati, na sipendi kuihesabu bahati kama mbinu. Kwa kilomita zile, gari la kuvuta lingekuwa ghali kuliko pompa lakini rahisi kuliko injini. Papa anakubali hesabu hiyo sasa. Siku ile mfukoni hakuwa na pesa ya kuvutwa, na hesabu ya mtu aliye barabarani jua linazama si hesabu ya garajini.

Kupima kichwa kwanza kulikuwa sahihi. Wengi huanza na kinachovuja, wanakibadilisha, halafu wanagundua moshi ndani ya maji, pesa ya mteja imekwisha. Uamuzi wa tangi pia siujutii: kama ningemsikiliza Papa aliyetaka pompa nzuri na tangi la zamani, siku ya kumi na tisa angekuwa hana maji kabisa badala ya boya lililoshuka.

Kosa kubwa lilikuwa la uchunguzi, na ni langu. Nilipata maelezo yaliyotosheleza kila dalili niliyoambiwa, nikayachukua kuwa sababu. Sili iliyokufa inaeleza maji yanakopita. Haielezi ni nini kilichoiua sili. Pompa ikitoka na beringi iliyolegea, kuna mambo machache tu ya kuuliza: umri, mkanda uliokazwa kupita kiasi, maji machafu, na kile kilichofungwa kwenye shafti. Niliuliza la kwanza, likajibu ndiyo, nikafunga daftari. Tangu hapo kila feni inayotoka kwenye gari letu inapita kwenye bomba la viti viwili. Inachukua dakika tatu.

Mvumo nao nilipewa bure. Mwenye gari aliposema "huo upo siku zote", nilisikia kana kwamba ameniondolea kazi. Kelele ya siku zote ni ya zamani kuliko tatizo, na kwa sababu hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyolizaa.

Kuhusu pompa ya dola 38, sijui cha kuthibitisha kutoka gari moja. Ileile iliyokufa kwa siku 19 chini ya feni mbovu imepita miezi mitano chini ya feni nzima. Kama ningenunua ya dola 95 mara ya pili na feni nimeiacha, pengine ingeishi miezi miwili, nami ningeapa mbele ya wote kwamba piesi ya boksi ni tofauti. Kama ningenunua ya dola 95 pamoja na feni, ningeamini hivyohivyo mpaka leo.

Malipo tuliyagawa hivi: kazi ya mara ya pili na nusu bei ya pompa nilibeba mimi, feni akabeba Papa. Wenzangu wawili garajini waliona nimejionea, kwa kuwa feni ilikuwa mbovu kabla gari halijatufikia. Ni kweli ilikuwa mbovu. Lakini nililipwa kuitoa, na niliitoa.

Bidoni la njano amelirudisha nyumbani kwake, mama watoto analitumia kwa mafuta ya mawese.